Kiwavi mrefu kama mkono: darasa la picha la siku nne Morogoro

Mzee mmoja wa Kimamba alisimama mbele ya bango langu kwa muda mrefu, mikono ameifunga nyuma, akilitazama juu hadi chini. Kisha akanigeukia na kusema kwa upole kabisa, "Mwanangu, tumshukuru Mungu. Huku kwetu hatuna mdudu mkubwa namna hii."

Bango lilikuwa la viwavijeshi vamizi, wale wadudu wa mahindi walioingia nchini 2017. Lilikuwa limechorwa vizuri: kichwani ile alama ya Y iliyogeuzwa juu chini, na karibu na mkia madoa manne yaliyokaa kama pembe za mraba. Hizo ndizo alama za kumtambua. Ila ili alama zionekane, mchoraji alimkuza kiwavi hadi akawa mrefu kama mkono wangu toka kiwiko hadi vidole. Jioni ile nilikwenda kwenye shamba la mahindi la mzee. Mhindi wa tatu tu niliofungua moyo wake ulikuwa umejaa kile kinyesi kinachofanana na vumbi la mbao, na kiwavi mwenyewe yumo ndani, hafiki hata urefu wa njiti ya kiberiti. Mzee alikuwa ameishi naye wiki nzima, na bango langu ndilo lililomhakikishia kwamba hayupo.

Mimi ni afisa ugani, bibi shamba kama wanavyoniita, mwaka wa kumi na moja sasa, muda mwingi nikiwa Kilosa. Nusu ya kazi yangu ni miguu na pikipiki. Nusu nyingine ni picha: za kubandika ofisi ya kijiji, za kuinua juu kwenye mkutano, na siku hizi zile ambazo wakulima wananitumia WhatsApp saa tatu usiku wakiuliza, "Bibi shamba, hiki ni nini?" Hakuna chuo nilichopita kilichonifundisha picha. Tulifundishwa udongo, mbegu, magugu na wadudu, halafu tukapewa mabango tukabandike. Kwa hiyo niliposikia kuna darasa la siku nne Morogoro mjini la kusoma na kutengeneza picha za kufundishia, nililipa kwa fedha yangu mwenyewe, shilingi 120,000, chai na chakula cha mchana humo humo. Nimesubiri msimu mzima upite kabla ya kuandika, kwa sababu siku ya kufunga mafunzo kila mtu husifu, na mimi nilitaka kwanza nione kama yanafanya kazi shambani.

Darasa lenyewe ni chumba cha ghorofa ya kwanza, si mbali na soko la Chifu Kingalu. Ukikaa upande wa dirishani unaiona Uluguru yote. Tulikuwa kumi na sita: wauguzi wawili wa kliniki ya mama na mtoto, walimu wa shule ya msingi, fundi wa sola, kijana anayeuza viatu mtandaoni, na sisi wa kilimo watatu. Walimu walikuwa wawili. Mmoja mama mchoraji, ameandika mabango na kuta za maduka maisha yake yote. Mwingine mwalimu mstaafu wa sayansi, mzee mwenye subira ambayo sijaiona kwa mtu mwingine.

Siku ya kwanza hatukushika kalamu. Tulikaa na picha moja kwa saa nzima na zaidi. Mzee aliuliza maswali matatu tu, akiyarudia: Kunatokea nini kwenye picha hii? Umeona nini kinachokufanya useme hivyo? Tunaona nini kingine? Alitueleza kwamba njia hii ilitengenezwa na Abigail Housen na Philip Yenawine wa Marekani, wakifanya kazi na watu wanaotembelea makumbusho ya sanaa. Picha ilikuwa ya mama ameinama kwenye ndoo, mtoto pembeni. Mimi nilisema mama anamnawisha mtoto mikono. Muuguzi akasema mtoto anaharisha, angalia macho yake. Mwalimu wa Mvomero akasema mama amechoka na anataka kumpiga, angalia mkono ulivyoinuka. Watu kumi na sita tuliosoma, picha moja, na sote tulikuwa na ushahidi wa kuonyesha kwa kidole.

Swali la pili ndilo lililonibadilisha. Nilikuwa nimezoea kuuliza kwenye mikutano, "Mmeelewa?" na watu wanaitikia, "Ndiyooo." Ukimuuliza mtu ameona nini kinachomfanya aseme anachosema, anakuonyesha mahali penyewe: mstari huu, kivuli hiki, mkono huu. Hapo unajua ni kitu gani cha kufuta. Mzee alitukataza kabisa kumsaidia anayejibu. Kukaa kimya sekunde kumi huku mtu anatazama picha yako na wewe unajua jibu ni kazi ngumu kuliko kupanda ekari. Wengi wetu tulishindwa siku ile, mimi nikiwa mmoja wao.

Mchana mama mchoraji alitundika kanga ukutani. Alifunika jina kwa gazeti, akatuachia pindo na mji, akauliza kanga inasema nini. Mji ulikuwa wa korosho. Tukabahatisha weee. Kisha akasema: mji ule ule, jina likiwa la shukrani, kanga inakwenda kwa mama mkwe, jina likiwa la kijembe, inakwenda kwa jirani uliyegombana naye. Maneno machache ndiyo yanayoiambia picha imwendee nani na kwa nia gani. Nilikuwa navaa kanga tangu nimezaliwa na sikuwahi kufikiri kwamba hilo ni somo la kazi yangu. Mabango yetu mengi yana maneno mengi mno, au hayana kabisa kwa kudhani asiyejua kusoma hayamhusu. Lakini kijijini asiyesoma ana mjukuu anayesoma. Mstari mmoja mfupi, ulioandikwa kama watu wanavyosema, mjukuu atausoma kwa sauti.

Mzee naye akatupa mfano wa uchaguzi wa wabunge wa 1965. Karibu kila jimbo wagombea wawili, na kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma, mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Alituuliza: je, ni alama sawa? Chai ilipoa mezani. Fundi wa sola alisema nyumba ni heshima. Sisi wa kilimo tukasema mkulima akiona jembe ameona mkono wake. Hakuna picha inayoingia kwa watu ikiwa tupu, kila mmoja anaikuta na maisha yake tayari.

Siku ya pili asubuhi tulikwenda maduka ya pembejeo na kununua dawa za wadudu, kisha tukakaa na wanunuzi kusoma lebo. Hapa nilipata hofu ya kweli. Chini ya lebo kuna utepe wa rangi: nyekundu kwa sumu kali kabisa, halafu njano, halafu bluu, na kijani kwa zile zenye hatari ndogo. Baba mmoja wa nyanya, mtu makini, alituambia bila kusita kwamba kijani ni dawa ya majani na nyekundu ni ya matunda yakishaiva. Tukamuuliza ameona nini kinachomfanya aseme hivyo. Akatazama nyanya zake, akatazama chupa, akajibu, "Si rangi zenyewe hizi?" Alikuwa anasoma vizuri sana, ila alikuwa anasoma shamba lake. Nimewauzia watu ushauri kwa miaka kumi nikisema "angalieni lebo" na sikuwahi kumuuliza hata mmoja anaona nini akiangalia.

Kwenye ile michoro midogo ya lebo, glovu na mabuti vilieleweka na karibu kila mtu. Mchoro wa kuhifadhi dawa kwenye kufuli mbali na watoto ulileta majibu manne tofauti kwa watu sita. Niliondoka sokoni nimelikumbatia daftari nililoandikia majibu hayo.

Alama ya X nayo tuliijadili kirefu. Tuliopita shule tunajua X ni kosa na vema ni sahihi, kwa sababu mwalimu alituwekea kwenye daftari. Mama mmoja muuza ndizi alipoonyeshwa mchoro wa mtu anayepulizia dawa bila barakoa, amekatwa X nyekundu, alisema, "Huyu atabomolewa." Sote tulielewa mara moja. Nani hajaona nyumba za kando ya barabara zilizopakwa X nyekundu? Tangu siku hiyo nimeacha X. Naweka picha mbili, nyumbani kwa huyu na nyumbani kwa yule, na tofauti wanaitafuta wenyewe.

Muuguzi mmoja alileta paketi ya mseto wa malaria, na nitaisema kwa kifupi kwa kuwa si fani yangu. Paketi zimepangwa kwa uzito wa mgonjwa, na vidonge vimepangwa kwa picha: mtu mzima vinne asubuhi, vinne jioni, siku tatu, jumla 24. Alisema picha ya jua na mwezi inasaidia sana, isipokuwa dozi ya pili, ambayo inatakiwa ifuate baada ya saa nane tangu ile ya kwanza. Jua na mwezi haviwezi kusema hivyo. Na ukiandika "baada ya saa 8," kuna mgonjwa atakayengoja saa nane mchana. Hapo hakuna mchoro unaoshinda muuguzi kukaa na mgonjwa wakahesabu vidole pamoja.

Mchana wa siku ya pili ulipotea. Tulitakiwa kujifunza kupanga mabango kwa kompyuta, intaneti ikagoma, tukakaa saa tatu tunaangalia duara linazunguka. Walimu walikuwa na nakala za mazoezi kwenye karatasi, wangeweza kuhama mara moja, hawakuhama. Waliolipa 120,000 wametoka mbali, na nusu siku kati ya nne ni nyingi.

Siku ya tatu ilikuwa ya kupiga picha kwa simu, na kwa kazi yangu hii ilikuwa na faida ya haraka kuliko zote. Wakulima wangu hunitumia picha ambayo ni jani la kijani lenye ukungu, jua limepiga nyuma, na kidole kimefunika nusu. Nilikuwa najibu kwa kubahatisha au napanda pikipiki kilomita ishirini kwenda kuona mwenyewe. Mama mchoraji alitufundisha kitu kimoja cha kushika: picha tatu. Ya kwanza simama mbali, shamba lionekane. Ya pili mhindi mmoja mzima. Ya tatu karibu, mdudu au doa, na pembeni yake weka njiti ya kiberiti. Kabla ya yote futa lenzi kwa kanga au shati, na jua liwe mgongoni kwako.

Njiti inaonekana kitu kidogo lakini ndiyo iliyoua tatizo la mzee wa Kimamba. Kiwavi aliyekomaa anakaribia urefu wa njiti. Aliyeanguliwa juzi hafiki hata kichwa chake cha baruti. Nikiona njiti najua umri wake, na umri ndio unaoniambia kama dawa itasaidia au ameshaingia ndani ya moyo ambako dawa haimfikii. Picha ya mbali nayo inanieleza mengi ambayo mkulima hasemi: nafasi za kupanda, magugu, mpaka na shamba la jirani. Na ya katikati inanionyesha vile vidirisha kwenye majani, sehemu zilizokwanguliwa hadi mwanga unapita, ambavyo ni kazi ya viwavi wachanga. Nilirudi kijijini nikatengeneza mfano wa hizo picha tatu, nikaubandika juu kabisa kwenye kundi letu la WhatsApp. Ndani ya mwezi safari zangu za "nenda ukaone" zilipungua mpaka mafuta ya pikipiki yakawa yanabaki.

Siku ya nne kila mtu alichora karatasi yake na kwenda nayo sokoni kuijaribu kwa watu saba, bila kueleza chochote. Nilichagua ukaguzi wa shamba. Wataalamu tunawaambia wakulima wapite shambani kwa mtindo wa herufi W, wakisimama vituo vitano na kukagua mimea kumi hadi ishirini kila kituo. Nilichora shamba kwa juu, mstari wa nukta nukta wa W, na vituo vitano. Niliupenda mchoro wangu. Mtu wa kwanza akasema ni mfereji wa umwagiliaji. Wa pili, nyoka. Wa tatu alikuwa kijana wa sekondari, akasema ni W. Wa nne akasema ni milima. Nikarudi darasani, nikaweka nyayo badala ya nukta. Ukawa njia ya ng'ombe walioingia shambani, na bibi mmoja akanipa pole.

Kosa, nilivyokuja kuliona, ni kwamba hakuna mkulima anayelitazama shamba lake kutoka mbinguni. Analiona akiwa amesimama ndani yake. Mzee mstaafu alikaa na mimi mpaka saa kumi na moja, wenzangu wameshaondoka, na mwisho akaniuliza kama hili jambo linahitaji picha hata kidogo. Siku hizi ninawapeleka shambani, ninawasimamisha watu watano kwenye vituo vitano na kamba mkononi, wengine wanatazama kutoka kichuguu. Wakishaona, ninapiga picha pale pale na kuituma kwenye kundi. Picha hiyo wanaielewa kwa sababu wao ndio waliosimama ndani yake.

Ile ya kiwavi nimeichora upya na kuijaribu kwa watu kumi na wawili katika vijiji viwili. Sasa kuna mkono wa mtu, mkono wa kazi wenye kucha zilizovunjika, umefunua moyo wa mhindi, na ndani yumo kiwavi kwa ukubwa wake halisi. Pembeni kichwa chake kimekuzwa, na kati ya mdogo na mkubwa nilichora kwanza lenzi ya kukuzia. Lenzi haikusaidia, waliona sufuria. Nikaifuta nikaweka maneno: "Ukimsogeza karibu na jicho utaona hivi." Wajukuu wanasoma, wazee wanaitikia.

Malalamiko yangu mengine ni mawili. Karatasi tulizopewa za kwenda nazo nyumbani zilikuwa kopi nyeusi na nyeupe, pamoja na ile ya tepe za rangi za sumu. Somo zima la rangi, na mkononi una vivuli vinne vya kijivu! Nilizipaka mwenyewe kwa penseli za rangi za mwanangu. Na nusu ya karatasi hizo zilikuwa za Kiingereza, pamoja na maelezo ya utafiti wa UNICEF wa 1976 huko Nepal, uliowaonyesha wanavijiji michoro na kuona jinsi walivyoisoma tofauti kabisa na walivyokusudia walioichora. Utafiti huo ni wa kwetu kabisa, yale waliyoyapata Nepal ndiyo tuliyoyapata sokoni, na wenzangu watatu hawakuweza kuusoma. Mambo haya wapewe watu kwa Kiswahili. Chakula kilikuwa kizuri, wali maharage na mchicha, na walianza saa mbili kamili kila siku kama walivyoahidi.

Anayeuza vitu mtandaoni na anataka tu picha za kuvutia, siku ya tatu peke yake ingemtosha, na yule kijana wa viatu alilalamika kwamba siku nyingine hazikumhusu sana. Lakini muuguzi, mwalimu, afisa ugani, mtu wa maji, yeyote ambaye picha yake ikisomwa vibaya mtu anaweza kudhurika, aende. Aende na bango analolitumia sasa, si la mfano, kwa sababu kuliona linavyosomwa na muuza ndizi kunafundisha zaidi ya mihadhara yote. Akiweza aombe siku ya kompyuta ibadilishwe na siku nyingine ya soko.

Mimi narudi. Wamekubali nije siku ya majaribio peke yake kwa shilingi 30,000, na nitakwenda na karatasi ya sumukuvu, ile sumu inayoletwa na kuvu kwenye nafaka. Mahindi yenye sumukuvu yanaweza kuonekana safi kabisa kwa macho, meupe, makavu, mazuri ya kumpikia mtoto uji. Nataka tukae na hilo mezani, mzee mstaafu na mama mchoraji na watu wa sokoni, tuone kitu kisichoonekana kinachorwa vipi.